Mkanda wa Kupinda Kona

Watu wa Akheri walianza kuucheka mkanda wa Elihuruma kabla haujasogeza ubao hata mmoja. Wengine waliuita kenge. Fundi mmoja wa kuchomelea aliyekuja kuazima nondo aliuzunguka mara mbili, akatikisa kichwa, akaenda zake bila kusema neno. Hiyo ya kuondoka kimya ndiyo iliyomuuma Elihuruma kuliko jina la kenge.

Tuseme ukweli, kitu chenyewe kilikuwa cha ajabu. Mkanda wa kusafirishia mizigo, kwa anayeujua, ni mpira mmoja mrefu unaozunguka juu ya rola, umenyooka mwanzo mpaka mwisho. Huu wa Elihuruma ulikuwa na mnyororo mmoja katikati, na juu ya mnyororo vipande zaidi ya elfu moja vya matairi ya lori, kila kimoja kimemlalia mwenzake kama mabati ya paa. Kwa hiyo uliweza kupinda. Ukifika kwenye kona, magamba yanafunguka upande wa nje na kubanana upande wa ndani, unapita. Aliuchora kwa makaa nyuma ya kalenda ya kanisa, akafuta, akachora tena, mpaka mkewe Kaanaeli akamuuliza kama mwaka huu watajua Pasaka ni lini.

Na kona ndiyo iliyokuwa shida yenyewe. Kiwanda cha Gadiel cha kupasua mbao kiko juu, karibu na msitu wa kupandwa, lori halifiki. Mbao zinateremshwa kwa njia ya miguu hadi barabarani, hatua mia na ushee za mteremko mkali. Njia inashuka moja kwa moja mpaka kwenye masale, ile mimea ya mpaka, ya jirani yao Mzee Solomoni, hapo inakata kushoto ghafla, kwa sababu nyuma ya masale kuna makaburi ya watu wake. Mkono wa kulia ni korongo. Mtaalamu aliyeletwa na Gadiel kutoka mjini alisema mkanda hauwezekani mpaka zisimamishwe nguzo, upite juu ya makaburi. Gadiel, pamoja na kuishi mjini, Njiro, kwenye nyumba ya geti, alitazama chini kwa aibu. Mtu wa mlimani haendi kumwambia mwenzake kwamba mbao za saipresi zitapita juu ya mama yake.

Ndipo Elihuruma aliponyoosha ule mkono wake wa vidole vitatu. Viwili vilibaki kwenye msumeno mwaka juzi, na tangu hapo alikuwa akifagia pumba za mbao, mtu wa miaka hamsini na sita. Gadiel alimsikiliza, akakubali kununua mnyororo na injini. "Shikamoo yako mzee wangu," alimwambia, maana Gadiel hakuwahi kuacha kumwamkia, hata siku za kumgombeza. "Ukifanya kazi, wewe ndiye msimamizi wake mpaka utakapochoka mwenyewe. Usipofanya, nitakuaga kwa heshima."

Elihuruma hakuwaza usimamizi tu. Mbao zile zilikuwa zikibebwa na wanawake kumi na wawili, wawili wawili, ubao vichwani, na kiongozi wao kwa miaka kumi na tisa alikuwa Kaanaeli. Tangu mvua za mwaka jana shingo ya Kaanaeli ilikuwa imegoma. Siku moja kanisani Elihuruma alimnong'oneza jambo, naye akageuka mwili mzima kwenye benchi ili amsikie. Mwanamume yule hakuusikia wimbo uliofuata wala mahubiri. Aliporudi nyumbani ndipo alipoitafuta kalenda.

* * *

Magamba yalikatwa na Sankale, fundi wa viatu vya katambuga pale Daraja Mbili mjini, mtu wa upande wa pili wa mlima, aliyekuwa akikaa kwenye kigoda kando ya mafundi pancha. Siku Elihuruma alipokwenda kuchukua kiroba cha mwisho, Sankale alikuwa akipigilia misumari huku anamtazama kwa jicho moja.

"Baba Allen, kwa matairi haya ningeshona viatu vya shule nzima."

"Malipo yako si umepata?"

"Nimepata. Nasema tu." Akapiga msumari, akaukunja ncha. "Mimi kiatu namwambia mtu, vaa kwanza, tembea mpaka pale kwenye mtaro, urudi. Kikikubana tunajua hapa hapa. Wewe huo ubao umeshatembea nao hiyo njia?"

Elihuruma akacheka. "Sankale na wewe. Kubeba mbao kwetu ni kazi ya wanawake."

"Sijakuuliza ni ya nani."

"Nimepima kila hatua kwa futi. Kipande cha kona nimekijaribu nyumbani, uani kwangu, mbao zimepita kama maji."

"Mbao za futi ngapi?"

"Sita. Ua wangu mdogo."

Sankale akarudi kwenye msumari wake. Alihisi kuna kitu hakijakaa sawa, lakini yeye aliagizwa magamba, na magamba yalikuwa mazuri.

* * *

Jioni ya Alhamisi, kesho yake ikiwa majaribio, Elihuruma alipigilia msumari ukutani jikoni. Akaichukua ngata ya mkewe, ile ya kitenge iliyobonyea katikati kwa miaka ya kubeba, akaitundika pale.

"Ikae hapo," alisema. "Wajukuu wakija tuwaonyeshe."

Kaanaeli alikuwa anamenya ndizi. Alicheka, maana mumewe hakuwa mtu wa mzaha na alistahili kuchekewa mara moja moja. Lakini mikono yake haikusimama, na Elihuruma alipotoka kwenda kumpa ng'ombe majani, kicheko nacho kilikwisha.

Evaresta alikuta mlango wazi, akaingia. Alikuwa mjane, mzaliwa wa Rombo aliyeolewa hapo Akheri, na ndiye aliyekuwa akibeba mkia wa ubao ambao Kaanaeli alibeba kichwa chake.

"Hodi nimeshapiga moyoni," alisema, akaketi. "Mama Allen, wenzako wamenituma."

"Najua walichokutuma."

"Basi nijibu nirudi."

"Nikujibu nini, Evaresta? Mashine si yangu."

"Mwenye mashine analala kwako." Evaresta alichukua kisu cha pili akaanza naye kumenya, kwa sababu kukaa bure mbele ya mtu anayefanya kazi kulimshinda. "Sisi hatumchukii baba watoto. Mimi mwenyewe magoti haya yanalia. Lakini kesho kitu chako kikishateremsha mbao, mimi Jumatatu naamka naenda wapi? Nina mtoto kidato cha pili. Anyesi ana wale mapacha. Ulimuuliza mumeo?"

"Nilimuuliza."

"Akasemaje?"

"Akasema tutapumzika."

Evaresta aliweka ndizi kwenye sufuria taratibu. "Tutapumzika," alirudia. Akachukua nyingine, na zikamenywa ndizi zote.

* * *

Ijumaa asubuhi walikuja watu wengi kuliko waliohitajika. Gadiel alikuja na wanunuzi wawili kutoka mjini, wamevaa viatu vya kung'aa, wakisimama kwenye nyasi kwa uangalifu. Mzee Solomoni alisimama upande wake wa masale na fimbo yake. Wanawake kumi na wawili walikaa juu ya gogo, ngata mikononi. Kaanaeli aliazima ya mtu.

Injini ikawaka. Mkanda ukaanza kutambaa, magamba yakilia kwa sauti ya mvua ya mbali, na lazima isemwe kwamba ulikuwa mzuri. Hata waliokuja kucheka walinyamaza. Elihuruma mwenyewe aliweka ubao wa kwanza, mbili kwa nane, futi kumi na nne, mbichi bado. Ubao ukashuka kwa adabu. Ukafika konani.

Mkanda ulipinda. Ubao haukupinda. Kichwa chake kiliendelea mbele kama vile kona haipo, kikapenya masale, kikakata mashina mawili, na kabla injini haijazimwa kikausukuma msalaba wa kaburi la mama yake Mzee Solomoni ukalala chali kwenye majani.

Mzee Solomoni aliinama kwa shida, akausimamisha msalaba. Uliinamia upande. Elihuruma alipita kwenye masale yaliyokatika, akapiga magoti kwenye udongo, akaanza kuushindilia kwa mkono wake wa vidole vitatu.

"Nisamehe, mzee wangu."

"Mama yangu alikuwa amelala," Mzee Solomoni alisema. "Hakuwa na neno na mtu."

"Nisamehe."

"Inuka. Watu wanakuangalia."

Na kweli walikuwa wanamwangalia. Mmoja wa wale wanunuzi alikuwa ameshika simu juu anarekodi, na Gadiel akamshusha mkono bila kumtazama usoni. Kisha akamfuata Elihuruma. "Shikamoo, mzee," alisema tena, ingawa walishaamkiana asubuhi. "Mpaka Jumatatu. Baada ya hapo nauza vyuma."

Kaanaeli alikuwa bado juu ya gogo. Alikuwa ameona kosa tangu ubao ulipofika nusu ya njia, na alijua dawa yake kama anavyojua jina lake. Kwenye kona ile hakuna aliyewahi kupindisha ubao. Aliyetangulia anatoka kulia, pale penye uwazi, kichwa cha ubao kinaning'inia juu ya korongo. Aliye nyuma anakata kushoto. Na mkia ndio unaotangulia mpaka barabarani. Miaka kumi na tisa walikuwa wakifanya hivyo, kama dereva anavyorudisha lori nyuma. Mkanda wa kupinda haukuhitajika kabisa. Ilihitajika mikanda miwili iliyonyooka, na katikati kitu cha kuzungusha ubao.

Alihisi kiganja cha Evaresta juu ya goti lake. Evaresta naye alikuwa ameona. Kiganja hakikubonyeza wala hakikutoka.

* * *

Nyumbani Elihuruma hakula. Aliketi kwenye kiti cha uani, kalenda mapajani, kisha akamwita mkewe.

"Mama Allen. Ninyi pale huwa mnapitaje?"

Lilikuwa swali la kwanza la aina hiyo tangu wafahamiane. Alikuwa ameuliza shingo inauma wapi, ameuliza ubao una uzito gani, amepima njia kwa futi na inchi. Hilo hakuwa ameuliza, kwa sababu hakuwahi kudhani kuna kitu cha kujua ndani yake.

"Tunapita tu," Kaanaeli alisema, akaingia ndani.

Alijichukia. Alisimama jikoni mbele ya ngata iliyotundikwa, akafikiri juu ya mtoto wa Evaresta na mapacha wa Anyesi, akafikiri juu ya mume wake akifagia nyumbani kwa watu. Akinyamaza, wanawake kumi na wawili wanabaki na kazi, na mwanamume mmoja anaaibika mpaka kufa. Akisema, ni kinyume chake. Hakukuwa na njia ya tatu aliyoiona, na shingo ilikuwa inamuuma.

* * *

Jumapili baada ya ibada watu walibaki nje ya kanisa kwa mnada wa sadaka, kama kawaida. Ziliuzwa ndizi, maziwa, mayai. Mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi alikuwa na mdomo mwepesi, na watu walimpenda kwa hilo. Akainua jogoo.

"Huyu ana miguu yake mwenyewe," alisema. "Atakayemnunua hahitaji mkanda. Na akipita makaburini, anapita kwa heshima."

Kanisa zima lilicheka. Wala halikuwa jambo baya sana, utani wa Jumapili tu, na mzee yule angeomba radhi kama angeombwa. Elihuruma naye alicheka. Alicheka kwa sauti kuliko wengine, akapiga hata kofi, akiwa na shati lake la kitambaa cheupe lililopigwa pasi na Kaanaeli asubuhi. Kaanaeli alimsikia yule mwanamume anavyocheka, akaona hawezi kuvumilia tena. Ilimuuma kuliko kama angemwona analia.

Akawatafuta wenzake mmoja mmoja pale pale uwanjani, akawapeleka nyuma ya jengo la Jumuiya ya Wanawake.

"Nitasema," aliwaambia.

"Utatuua," Evaresta akajibu.

"Nitasema, lakini si bure. Mkanda ukikatwa pale konani, lazima wakae watu wa kuzungusha ubao. Wawili juu, wawili chini wa kupokea. Kazi ya kusimama, kwa mshahara wa mwezi. Nitamwambia Gadiel hivyo kabla sijafungua mdomo kuhusu kona."

"Wanne," Anyesi alisema. Alihesabu wenzake kwa macho. "Sisi tuko kumi na wawili, Mama Allen."

"Najua tuko wangapi."

"Na nani atachagua hao wanne?"

"Mkinipa, nitachagua mimi. Mkimwachia Gadiel, atachagua vijana wa kiume."

Hilo walilijua ni kweli. Hakuna aliyesema ndiyo. Walitawanyika kwenda kupika.

* * *

Jumatatu Gadiel alisikiliza akiwa ameegemea mlango wa gari. Kaanaeli aliongea akiwa amesimama wima, maana kuinama kulimshinda, na Gadiel alidhani ni kiburi.

"Wanne, mama? Mashine nimeinunua ili nipunguze watu."

"Umepunguza wanane. Hawakutoshi?"

Gadiel alitazama chini, kama siku ile ya mtaalamu. "Kwa mshahara wa mwezi, nimekubali. Haya, nionyeshe."

Kaanaeli akamwita Evaresta. Wakabeba futi kumi na nne, wakashuka. Kwenye masale Kaanaeli akatoka kulia, kichwa cha ubao kikaning'inia juu ya korongo, Evaresta akakata kushoto, mkia ukatangulia. Haikuchukua muda wa kuvuta pumzi mbili. Masale ya Mzee Solomoni hayakutikisika hata jani.

Elihuruma alikuwa amesimama juu, ameshika kalenda. Alitazama, akaomba warudie. Wakarudia. Akashuka mpaka kwa mkewe, na watu walitegemea atafurahi.

"Ijumaa nilikuuliza," alisema taratibu.

"Uliniuliza."

"Ukasema mnapita tu."

"Baba Allen, miaka kumi na tisa ulikuwa unatuona tukiteremka hapa."

Elihuruma alikwenda kuchukua nyundo na patasi, akaikata ile kona kwa mikono yake, magamba yaliyokuwa yakifunguka na kubanana, kazi ya miezi mitano. Akasimika nguzo, juu yake akalaza habu ya gurudumu la lori, izunguke. Akaazima injini ya pampu kwa ajili ya mkanda wa pili. Jumanne alasiri ubao wa kwanza ulishuka, ukatua kwenye habu, ukasukumwa kwa mkono mmoja, ukageuka, ukaenda zake barabarani mkia mbele. Watu walipiga makofi. Gadiel alimshika Elihuruma bega akamwita msimamizi. Mzee Solomoni alisema mama yake amelala vizuri.

Kaanaeli aliwataja wanne palepale, kwa sababu alijua akilala nalo litamshinda. Evaresta. Anyesi. Fransiska, ambaye mumewe alikuwa mgonjwa. Naisiae, aliyekuwa mdogo kuliko wote na hakuwa na shamba. Alipolitaja la nne akaishia hapo, na watu wakaendelea kumtazama, wakidhani bado anahesabu.

"Na wewe?" Gadiel aliuliza.

"Kwangu kuna mshahara mmoja tayari," Kaanaeli alisema.

Elihuruma alikuwa anapaka grisi beringi. Alisimama na kitambaa mkononi, akamtazama mkewe, kisha akarudi kwenye beringi yake.

* * *

Jumatano ni siku ya soko Tengeru. Elihuruma aliamka kujiandaa kwenda kuwasha injini, akamkuta mkewe amevaa viatu, amejifunga kanga ya pili kiunoni. Alinyoosha mkono ukutani, akaitoa ngata kwenye msumari.

"Unakwenda wapi na hiyo?"

"Sokoni. Wenye ndizi wanatafuta wabebaji kutoka kwenye magari mpaka ndani."

"Mama Allen, mkungu wa ndizi ni mzito kuliko ubao."

"Lakini ni mfupi. Nitabeba peke yangu."

"Mimi ile mashine nilitengeneza..." Akaitazama ngata. "Mimi nilikuwa nataka upumzike."

"Najua ulichotaka."

Nje walikuwa wanasubiri wanawake saba, kila mmoja na ngata yake. Hawakuwa na hasira, au kama walikuwa nayo waliiacha nyumbani. Walimwamkia Elihuruma vizuri, mmoja akamtania kwa kumwita bwana msimamizi. Kaanaeli akatoka, wakaanza kushuka naye kuelekea barabara ya Tengeru. Elihuruma alisimama mlangoni, ufunguo wa injini mkononi. Kule juu Evaresta na wenzake walikuwa wameshafika, wanamsubiri.

"Kaanaeli," aliita. Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Allen azaliwe.

Mkewe alisimama njiani ili amsikie. Akageuka mwili mzima, mabega na miguu, kwa sababu shingo peke yake ilikuwa haigeuki tena.